Magunia Yasiyochomwa

Mwaka niliofiwa na mume wangu nilipata kazi ya kuhesabu punje za mchele. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ilikuwa kazi kweli, yenye mshahara wa mwezi. Ilikuwa kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo, hapa Kindu, karibu na stesheni. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, na tajiri yule alimfahamu. Alipokuja kukaa nasi kwenye matanga aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia mwaka wa tano wa shule ya msingi, na huo wa tano sikuumaliza. Akauliza kama macho yangu ni mazima. Nikajibu ni mazima, ila siku hizi hayakauki. Akasema nije mwezi ukiisha.

Kila asubuhi nilivuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli, isipokuwa Jumamosi, siku ya salongo, tulipofyeka majani ya barabara kwa amri ya serikali. Nyumbani nilikuwa peke yangu, lakini mkono wangu uliendelea kupima vikombe viwili vya mchele kila nilipopika. Kila siku kikombe kimoja kililala bila kuliwa.

Kazi ilikuwa hivi. Mezani palikuwa na ubao mdogo mweusi, kama ule wa mtoto wa shule. Gunia likichaguliwa, mchukuzi mzee wa depo alilichoma ubavuni kwa bambo, kibomba cha chuma chenye ncha, na mchele ukateremka ndani yake mpaka kwenye kopo langu. Nilimwaga kiganja kimoja juu ya ubao, nikatenga punje mia moja kwa ncha ya kisu, nzima huku, chenga huku. Karani akaandika idadi ya chenga. Mzee naye alisugua nyuzi za gunia kwa kidole gumba mpaka tundu likajifunga, akaenda kwa lingine.

Mchele ulikuwa wa wanawake wa Alunguli, kila mmoja na gunia lake, na langu likiwamo. Magunia arobaini yalifanya mzigo mmoja, na mzigo ulipanda treni kwenda kusini, kwenye miji ya migodi. Mnunuzi wa huko alikuwa na sharti: katika punje mia, chenga zisizidi kumi na sita kwa wastani. Zikizidi, mzigo wote unakwenda kwa watengenezaji wa pombe, na kila mwanamke, hata mwenye mchele mzuri, anapata nusu ya bei.

Karani alikuwa mtu wa Kasai, mwenye mvi, aliyesoma mambo ya biashara miaka miwili zamani. Alipenda kueleza, na mimi nilipenda kusikiliza, kwa sababu akieleza hakuniuliza habari za nyumbani. Alisema hatuwezi kuhesabu magunia yote arobaini, kwa hiyo tunahesabu kumi, moja katika kila manne, na hayo kumi yanasema kwa niaba ya yote. Lakini yatasema kweli tu kama kila gunia lina nafasi sawa ya kuchomwa. Alinikumbusha chupa ya mawese, juu safi na chini mazito. Anayeonja juu tu hajui alichonunua. Siku moja nilitaka kuruka gunia lililolowa, akanizuia kwa upole.

“Mama, usichague. Ukichagua, njo umekwisha kusema uongo, hata kama hesabu yako iko sawa.”

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu kulikuwa na kuchagua ambako yeye, akiwa ameinamia karatasi zake, hakukuona. Mimi niliona jambo hilo tangu mzigo wa kwanza.

Mwenye matanga kwetu alifunga kipande cha kitambaa cheusi kwenye mdomo wa gunia lake, ili kivukoni na kwenye mizani watu wasimpigie kelele wala kumtania. Mchukuzi mzee akifika kwenye gunia la namna hiyo alilipita, akachoma la jirani. Hakuna aliyemwagiza. Aliona haya kulitoboa, kama mtu anavyoona haya kumwuliza mfiwa amekula nini. Gunia langu lilipitwa hivyo mara mbili. Nilishukuru. Nilijiona nimefunikwa shuka.

Kisha kukaja mzigo wa tatu. Miezi ile homa ilikuwa imepita katika nyumba nyingi za Alunguli, na kati ya magunia arobaini, kumi na mawili yalikuwa na kitambaa cheusi. Mzigo uliotangulia ulikuwa umepona kwa punje moja tu. Tajiri alikwisha kusema kwamba huu ukianguka, hatanunua tena mchele wa Alunguli. Atakwenda kuutafuta kwingine, huko Tunda. Na hapakuwa na mnunuzi mwingine.

Tulichoma kumi, nikahesabu, karani akajumlisha. Mia moja na tisini. Akagawa kwa kumi: kumi na tisa. Tajiri aliangalia karatasi, akavua miwani, akasema wanawake waambiwe kwamba mzigo umeanguka. Treni ilikuwa ipakiwe kesho yake jioni.

Nilibaki na ile karatasi. Nilichoona kilikuwa kidogo, mtu yeyote angekiona. Nambari zote kumi zilifanana: kumi na saba, ishirini, kumi na tisa, ishirini na moja. Hapakuwa na hata moja ya chini. Na mimi nilijua sababu, kwa kuwa naishi huko. Alunguli ilikuwa na mashine moja ya kukoboa, na chuma chake kilikuwa kimekwisha, kilivunja mchele. Wanawake wote walikwenda huko, isipokuwa sisi wenye matanga. Foleni ya mashine ilikuwa mahali pa nyimbo na mizaha, na mfiwa hasimami hapo. Sisi tulitwanga nyumbani, kwenye kinu, polepole. Mchele wetu ndio uliokuwa mzima, na ndio ambao hakuna aliyeuhesabu.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikisema, itaonekana natetea gunia langu. Itajulikana pia kwamba nilinyamaza mizigo miwili. Mwisho nilikwenda kwenye meza ya karani nikamweleza yote, mzee akiwa amesimama pale pale.

Karani aliuliza, “Tangu lini unaona hivi, mama?”

“Tangu mzigo wa kwanza.”

“Na ulinyamaza.”

“Nilinyamaza. Ilinifaa. Na gunia langu limo.”

Mzee alikohoa. “Hii haiko makosa yake. Mi njo nilikuwa napita.”

Karani aliiangalia karatasi yake kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. “Basi wastani wetu,” akasema, “ulikuwa wa watu wasiofiwa tu.”

Tajiri alipoambiwa, uso wake ulifunguka. Akasema tuchome kumi katika yale yenye kitambaa, tuandike, tumalize. Karani, kwa kuwa alikuwa mtu wa mshahara, akaniangalia. Nikasema hapana, baba, hiyo pia itakuwa ni kuwapita wengine. Nilisema kwa sauti ndogo, nikiamini kazi yangu imeishia hapo. Tajiri alininunia. Kisha akauliza sasa tufanye nini. Karani akajibu kwamba tuandike vikaratasi arobaini, tuvitie ndani ya sufuria, na sufuria ichague.

Mzee alikubali kwa sharti lake: hatachoma gunia la mfiwa bila mwenyewe kuombwa. Kwa hiyo mchana huo nilivuka mto na kuingia katika nyumba kumi na moja. Tangu msiba wangu nilikuwa sijaingia nyumba ya mtu. Nilidhani watakasirika. Mmoja alisema mume wake angelilichoma gunia mwenyewe, jinsi alivyokuwa mtu wa kuhakikisha. Bibi mmoja, aliyemzika binti yake, alinishika mkono asiuachie.

“Kumbe walikuwa wananipita sababu ya matanga,” akasema. “Mi nilifikiri mchele yangu iko mubaya.”

Nilikaa naye mpaka akamaliza kuchambua mboga zake.

Kesho yake asubuhi tajiri mwenyewe alitia mkono katika sufuria. Vikaratasi saba vilikuwa vya magunia ya mashine, na chenga zake, zikijumlishwa, zilikuwa mia moja thelathini na tatu. Mawili yenye kitambaa yalitoa nne na tano. Kikaratasi cha mwisho kilikuwa cha gunia langu.

Niliondoka mezani nikampa karani kisu. Mzee alipiga magoti, akaniangalia kuniomba, nikaitika kwa kichwa. Bambo liliingia. Karani alihesabu taratibu kuliko mimi, midomo ikicheza. Nilikuwa nimejigamba moyoni kwamba hazitafika nne.

“Tisa,” akasema.

Mzee aliinama kuuangalia ubao. “Mama wa macho, tisa? Ulikuwa unatwanga mupunga ao ulikuwa unapigana naye?”

Nilicheka. Ilikuwa kweli, miezi ile nilikuwa napiga kinu kwa hasira. Nilicheka mpaka tajiri akageuka, na hakuna aliyeniambia pole.

Jumla ilikuwa mia moja hamsini na moja. Kumi na tano na kipande. Karani alisema sufuria ingeweza kutoa vingine na tukaanguka. Sampuli haiahidi kitu, kazi yake ni kutopendelea tu. Lakini aliandika kumi na tano na kipande, tajiri akatia sahihi, na mchele wa Alunguli ukapanda treni jioni ile. Kabla ya mzigo wa nne mwenye mashine aliletewa nambari zake, akabadili chuma.

Kitambaa changu sikukifungua siku ile. Muda wake haukuwa umekwisha. Nilisimama tu nikamtazama mzee akisugua nyuzi za gunia langu kwa kidole gumba, sawasawa na alivyosugua za wengine, mpaka tundu likajifunga. Nilipofika nyumbani nilipima kikombe kimoja.