Pumzi Juu ya Kioo

Mmeniganda wee mpaka nimeshika kalamu, mimi niliyeacha shule nikingali naunganisha silabi. Haya, someni, na asinisahihishe mtu.

Binti wa kaka yangu anafanya kazi maabara ya hospitali, chumba cha nyuma chenye karo moja la kuoshea vyombo na hadubini mbili. Wenzake humwita Mama Uzi, maana kazi yake ni uzi wa urithi uliomo ndani ya seli zetu. Ukiunyoosha unakupita kimo, lakini umezungushwa kwenye vifundo vya protini, ukasokotwa tena na tena, ukaenea pasipoonekana kwa macho. Seli ikitaka kugawanyika, uzi hujikaza ukawa vijiti. Ndizo kromosomu.

“Na ncha zake hupungua kadiri seli zinavyogawanyika, shangazi. Uzee nao umo humo.”

“Basi zangu zimebaki visiki.”

“Ulimi ndio haujapungua.”

Siku moja aliletewa damu ya mke na mume. Mimba za mke zilikuwa hazikai, na mama mkwe alishatamka: mwezi ukiisha bila majibu, arudi kwao. Kromosomu za mke zikaonekana salama. Mume naye alikubali kutolewa damu mara moja tu, tena kwa kununa.

Mama Uzi akadondosha seli za mume juu ya kipande cha kioo cha hadubini. Hewa ilikuwa kavu, kromosomu zikarundikana kama kuni za mvivu. Akarudia, yaleyale. Likabaki tone moja.

“Tumwite tena,” mwenzake akasema.

“Yule? Utamngoja mpaka uote mvi.”

Akachemsha maji, akapitisha kioo kingine kwenye mvuke kipate unyevu, akakipulizia pumzi polepole, akainua mkono juu na kuliachia tone. Akainamia hadubini. Safari hii zilitawanyika, kila moja peke yake. Akazipanga jozi kwa jozi, akaona: mbili zilikuwa zimebadilishana vipande. Mume mwenyewe hakukosa kitu, ila mtoto angeweza kurithi pungufu au ziada, na mimba isikae.

Daktari akawaita wote, mama mkwe akiwa mbele.

“Kumbe ni mwanangu?”

“Si kosa la mtu, mama. Ndivyo alivyozaliwa. Na mtoto mzima bado anaweza kupatikana.”

Mama mkwe akatazama sakafu. Mke hakufungasha virago.

Huyo ndiye binti yetu, na najivuna. Nawe, kama yuko mke wa mwanao uliyemtupia lawama kama hiyo, weka chini karatasi hii, nenda kamwombe radhi. Usinijie na visingizio.