Maji ya Bomba na Maji ya Mchangani

Maharage yasiyoiva yana mlio wake. Ukiyakoroga yanagonga ubavu wa sufuria kama changarawe, na hata yakichemka tangu asubuhi mpaka adhuhuri yanagonga vilevile. Mlio huo ulijaa jikoni kwetu kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa, katika mji wetu mdogo ulioko njia ya Haneti, mwaka mmoja na kitu baada ya mama yangu kufariki. Baba, fundi cherehani mpole asiyejua hata chumvi inakaa wapi, alikuwa ameoa tena. Mkewe mpya aliitwa Mwanaidi, mtu wa milima ya Kondoa, mwembamba, mcheshi, mwenye kuimba akifagia. Mimi sikumwita mama, wala mama mdogo, wala jina lake. Nikimtaka, nilikohoa.

Siku ya kwanza alilishangilia bomba. Lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na kwao waliteremka bonde zima kufuata chemchemi. "Huku mmebarikiwa jamani, maji mlangoni!" alisema, akajaza kila chombo alichokiona. Maji yenyewe yalipendeza macho, lakini yalikuwa magumu, tena ya chumvichumvi. Sabuni haikutoa povu, ilifanya utando wa kijivu juu ya beseni. Birika liliota gamba jeupe ndani, na taulo likikauka ungeweza kuliegemeza ukutani. Wenyeji tulikuwa na utaratibu wetu ambao hakuna aliyewahi kuufundisha: ya bomba ni ya kufulia, kuogea na kunywesha mbuzi, ya chai na maharage yanachotwa korongoni, kwenye vishimo tulivyofukua katika mchanga wa mto uliokauka. Majirani hawakumwambia, maana walidhani nyumba yenye binti wa miaka tisa haina haja ya kuambiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mwenyeji mwenyewe ndiye mimi, na nilikuwa nimefunga mdomo.

Nisijipambe: nilinyamaza kwa makusudi. Wasichana wakubwa pale bombani walikuwa wameshaniimbia kwamba mama wa kambo si mama, nami nikaona kwamba akishindwa atarudi kwao, na kiti cha mama yangu jikoni kitabaki kitupu kama kinavyostahili. Kwa hiyo nikamtazama akihangaika. Alibadilisha muuzaji, akisema yale yalikuwa maharage ya zamani. Aliyaloweka usiku kucha, katika maji yaleyale ya bomba. Alitia magadi, maganda yakachanika lakini ndani yakabaki magumu, na mchuzi ukanukia sabuni. Baba alitafuna taratibu, kwa adabu ya kuudhi. Nyimbo za kufagia zikapungua, kisha zikaisha, na mimi nikajiona mshindi.

Halafu bibi mzaa baba akaja kutoka kijijini kumtazama mkwe. Bibi alikuwa na meno ya kuhesabika na ulimi usio na lijamu. Alitia tonge mdomoni na maharage mawili, akatulia, akatema moja kiganjani, akalinyanyua juu tulione sote. "Mkwe wangu, hii ni mboga au kokoto za kujengea?" Watu wakacheka, Mwanaidi naye akacheka. Lakini vyombo vilipotolewa nilimsikia nyuma ya nyumba akimwambia baba, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Baba Neema, nirudishe kwetu. Kama maharage yamenishinda, nitamweza huyu mtoto ambaye hata kuniita hataki?" Baba akasema kesho watazungumza na bibi kabla hajaondoka.

Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na usiku ule sikukitaka tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kulipokucha nikachukua ndoo na kata, nikaenda korongoni. Mchanga ulikuwa bado wa baridi. Nikafukua mpaka viwiko vikazama, nikachota yale ya kwanza yenye tope nikayamwaga, nikasubiri mengine yajikusanye polepole, safi, kidogo kidogo, mpaka ndoo ikajaa, nikajitwika, na shingo yangu ikajua uzito wake. Nilimkuta Mwanaidi jikoni amewasha moto, na pembeni yake begi limekwisha kufungwa. "Pikia haya," nikasema. Akanitazama, akatazama ndoo, akapika.

Jua halijafika utosini, mlio ukakoma. Akatoa harage moja, akalibonyeza kwa vidole viwili, likapondeka kama siagi. "Ulikuwa unajua?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa, nikasubiri kofi. Halikuja. Alijikalisha kwenye kigoda akajifunika uso kwa khanga. "Kumbe si mimi," akasema. "Kumbe si mimi, ni maji!" Akawa anacheka na machozi yanamtoka, akirudia maneno yale, mpaka nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tena maishani. "Nisamehe, mama," nikasema. Bibi alikula sahani mbili akauliza kulikoni. Mwanaidi akamjibu, "Neema kanifundisha kupika," basi, na hakuongeza neno mpaka leo.

Siku hizi nafanya kazi Mtumba, kwenye mji mpya wa serikali, ofisini tunakunywa maji ya chupa, na vijana wanalalamika birika la umeme likifanya gamba. Lile korongo limeharibika: malori yamezoa mchanga wake kuja kujengea majumba haya tunayofanyia kazi, na atakaye maharage laini hukinga ya mvua kwenye tangi. Mama yeye akienda Kondoa hurudi akinung'unika kwamba chai ya kwao ni chapwa, maji hayana ladha. Baba alipofariki, kaka zake Mama walitoka Kondoa kumchukua baada ya arobaini. Walikuja kwa heshima, wakakaa sebuleni, wakamwambia dada yao kwamba hapa hana tena kinachomshika, chumba chake kiko tayari, arudi akapumzike kwao. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Mama hakufikiri hata kidogo. "Niende wapi?" akawauliza. "Mimi nina mtoto hapa." Mtoto huyo alikuwa na miaka thelathini na minne, na alilia mbele ya wajomba zake mpaka chai ikapoa.