Kichwa cha Treni Mikononi mwa Mtani

Harufu ya lehemu inayoyeyuka hunipandisha hasira hadi leo. Nikipita karibu na fundi redio aliyeinamia kazi yake, ule moshi mwembamba unaoshika kooni ukanifikia, uso wangu hukunjamana kabla sijajua kwa nini. Wenzangu hudhani nachukia moshi. Siuchukii hata kidogo, na wakati mwingine husimama nikauvuta kwa makusudi. Ninayemchukia ni mtu mmoja, Mzee Mihayo, muuza mkaa, ambaye sasa ni marehemu. Mungu anisamehe, lakini kufa kwake hakujanipunguzia kitu.

Nyumba yetu ilikuwa Tabata, karibu na reli kiasi kwamba treni ya bara ikipita vikombe kabatini vilikuwa vikigongana na mama akilazimika kukatiza maneno yake mpaka behewa la mwisho liishe. Majirani waliilaani treni hiyo. Mimi niliipenda kwa namna ambayo siwezi kuieleza bila kuonekana mjinga. Niliwahi ukutani kila niliposikia honi yake ikitokea mjini, nikasimama juu ya tofali nione kichwa kikija kimeinamisha moshi wake mweusi, kikifuatwa na mabehewa ya daraja la tatu yenye watu waliotoa viwiko madirishani, kisha ya mizigo, kisha lile la gadi mwishoni. Harufu ya dizeli na chuma cha moto ilibaki hewani muda mrefu, ikichanganyika na ya maandazi ya jirani. Niliambiwa inakwenda Morogoro, Dodoma, Tabora, mpaka Kigoma, na mimi sikuwahi kupanda hata kufika kituo cha kwanza.

Babu, baba yake mama, ndiye aliyeniletea treni hiyo nyumbani. Alikuwa fundi bati, na kibanda chake kilikuwa Chang'ombe, ambako alitengeneza vibatari, majiko na karai za kunyweshea kuku. Siku moja alirudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akanipa bila neno. Lilikuwa behewa. Alilikata kutoka kopo la maziwa ya unga, akalitoboa madirisha kwa mkasi, akalitia magurudumu ya soli ya malapa yaliyochakaa. Tangu hapo kila alipopata kopo zuri alinitengenezea jingine. La mafuta lilitokana na mkebe wa poda, la mizigo lilitokana na kopo la samli, na ukiliangalia vizuri ulisoma nusu ya jina la samli yenyewe ubavuni. Niliyapanga chini ya kitanda kwa mpangilio ule ule niliouona relini. Kaka zangu walikatazwa kuyagusa, na aliyegusa alijuta, kwa sababu nilikuwa na kucha na nilizitumia. Mama alisema nina roho mbaya. Nilikuwa mchoyo, ndiyo, na sioni ubaya wake, maana kitu cha mtu ni cha mtu.

Kilichokosekana ni kichwa. Babu alikichelewesha makusudi, akisema kichwa si kitu cha kukurupukia. Kilipokuja kilikuwa kizito, cha bati tupu mpaka magurudumu, kimelehemiwa kila pembe, kina taa mbili mbele na ngazi ndogo ubavuni ya dereva kupandia. Rangi yake ilikuwa kijani kibichi cha kuumiza macho, iliyobaki baada ya kupaka geti la mtu. Nikamlalamikia kwamba kichwa cha kweli hakina rangi hiyo.

"Kwani treni yenyewe umeipaka wewe?" Babu akaniuliza.

Usiku huo nililala nacho, na asubuhi kilikuwa kimenichora alama shavuni. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mwenye treni kamili ya reli ya kati, na sidhani kama nimewahi kumiliki kitu tena kwa namna ile. Kisha gurudumu moja likalegea. Babu akakichukua, akakiweka kwenye sanduku lake la vyombo ili akakilehemu upya kibandani. Kabla hajaenda, alianguka uani akitia udhu, na jioni hiyo hiyo tukaambiwa amefariki.

Hapa lazima niseme habari ya watani, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kuelewa nilivyoibiwa mchana kweupe mbele ya ukoo mzima. Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za mababu. Msiba ukitokea kwetu, mtani anaruhusiwa kuja kufanya vituko ambavyo mtu mwingine angepigwa kwavyo. Anamwigiza marehemu, anawasema wafiwa, anakamata vitu vya marehemu na kuvizuia mpaka vikombolewe. Cha kukombolea kinaweza kuwa kuku, sukari, hata konzi ya chumvi, ilimradi wafiwa watoe kitu kwa mikono yao. Kisichokombolewa mpaka tanga linapoanuliwa kinakuwa mali ya mtani moja kwa moja. Na mtani huruhusiwi kumkasirikia. Watu husema desturi hii inapoza machungu, na huenda ni kweli kwa hao inaowapoza.

Mzee Mihayo, Mnyamwezi, aliuza mkaa pembeni ya kibanda cha Babu miaka mingi, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya reli, mkabala na kwetu. Aliingia msibani na sauti kubwa, tumbo mbele, akavaa kofia ya Babu, akachukua bakora yake, akatembea mbele ya wanawake waliokaa jamvini huku akichechemea vile vile alivyochechemea Babu. Mama, ambaye alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, akacheka. Nilimwangalia mama yangu akicheka na nikahisi nimesalitiwa. Halafu mzee yule akafungua sanduku la vyombo, akatoa kichwa changu, akakiinua juu watu wote wakione.

"Eti Mzaramo naye ana treni!" akapaza sauti. "Hii ni ya kwetu Tabora, imekuja kunichukua. Mkiitaka, mkomboe."

Nilipiga kelele kwamba ni yangu. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja, akaninong'oneza kwamba nisiwaaibishe, ni utani tu. Mjomba Shomari, kaka yake mama, aliyekuwa msimamizi wa msiba, akaniambia kwa upole, "Tulia, Pili. Tutavikomboa vyote siku ya hitima." Nilimwamini. Ukiniuliza ni nani wa pili ninayemlaumu, ni huyo.

Siku ya hitima uani kulinukia ubani na pilau. Baada ya dua wakamwita Mzee Mihayo mbele. Kofia ikakombolewa kwa jogoo. Bakora ikakombolewa kwa kilo ya sukari, na hapo wakabishana na kuchekeshana sana, yeye akidai sukari imelowa, wao wakimwambia aitie mate ikauke. Wakati wote huo nilisimama nikingoja zamu ya kichwa. Haikufika. Mjomba alisimama, akawashukuru watu, majamvi yakakunjwa, na tanga likawa limeanuliwa. Nilipomvuta kanzu na kumkumbusha, alijipiga paji la uso.

"Kile kidude? Aa, watoto nyie. Kishakuwa chake hicho, Pili. Nitakununulia gari Kariakoo."

Gari! Sikulia, maana nilikuwa nimekasirika mno. Nilivuka reli peke yangu, nikaingia kwa Mzee Mihayo bila kubisha hodi. Alikuwa amekaa kibarazani, na kichwa changu kikiwa dirishani nyuma yake kimetazama nje. Nilikuwa nimelelewa, kwa hiyo nilianza na salamu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtani wangu."

"Mwizi mkubwa wewe! Tumbo kama gunia lako la mkaa! Mla michembe!"

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, chakula cha kwao, na watu wetu wamezoea kuwatania nacho. Lakini mimi sikuwa natania. Nilimwambia natamani treni ya kweli imkanyage. Nilisema kila baya nililowahi kulisikia bombani na mengine nikayatunga palepale. Mzee yule akanitazama kwa mshangao, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Akamwita mkewe jikoni. "Njoo umsikie huyu! Shomari mzima hajui kutania, katoto haka ndiko kenye damu ya Babu yake!" Mkewe akaja, akaniomba nirudie lile la gunia.

Mtu aliyepigwa anaweza kuonyesha alama. Mimi nilitukana kwa moyo wangu wote na kila tusi likapokewa kama zawadi. Nikizidi kumchukia, alizidi kufurahi. Na kila mara, akishafuta machozi ya kicheko, alinyoosha mkono na kusema, "Haya, leta kitu ukomboe. Kwa ajili yako naachia hata kama tanga limeanuliwa. Leta hata yai." Kwetu kulikuwa na kuku wanaotaga. Ningeweza kwenda na kurudi kabla hajamaliza kikombe chake cha chai. Lakini nikomboe nini? Mtu anakomboa cha marehemu, na kile hakikuwa cha marehemu, kilikuwa changu, kilikuwa kwa fundi tu. Nilimwambia hivyo. Akasema sheria haijui fundi, inajua sanduku. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake nikaenda kumtukana tena. Mwaka mzima niliivuka reli ile. Habari zikaenea mtaani kwamba Pili ana utani mkali, na watu wazima wakawa wananisifu. Baadaye nikachoka, nikaacha kwenda, na treni ya bara ikipita sikutoka tena kwenda ukutani.

Nimekuwa mtu mzima, nina kazi na nyumba Kibamba, na mabehewa ya Babu yako juu ya kabati langu sebuleni. Wageni huyasifu. Aliye makini huuliza kichwa kiko wapi, na mume wangu hubadilisha mazungumzo haraka. Siku hizi kuna treni ya umeme inayokwenda bara bila moshi wala kelele, na watu wanajipiga picha ndani yake. Watoto wananunuliwa treni za plastiki zinazojiendesha zenyewe na kuimba, zikiharibika zinatupwa. Misiba nayo tunaimaliza upesi, viti vya kukodi vikirudishwa tanga limekwisha, na vijana wengi hawajui hata watani wao ni kina nani.

Basi nilipoletewa habari kwamba Mzee Mihayo amefariki, nilivaa kanga zangu nikaenda Tabata, na sikwenda kulia. Safari hii mtani nilikuwa mimi. Nilisalimia, nikapita sebuleni moja kwa moja, na kilikuwapo, kwenye kabati la vyombo, kijani vile vile. Lile gurudumu lililolegea lilikuwa limelehemiwa, tena vibaya, lehemu imejaa mavimbe, kazi ya mtu asiyejua kazi. Nikakikamata. Nikatoka nacho kibarazani, nikakiinua juu kama alivyokiinua yeye, nikasema kwa sauti, "Mnyamwezi aliiba treni, leo imerudi kwao!" Binti yake mkubwa, aliyekuwa ameinama kwa huzuni, akaangua kicheko. Wazee wakapiga makofi. Walifurahi kwamba bado yupo Mzaramo anayejua desturi, na mimi nikawa tayari nahesabu hatua za kufika kwenye gari.

Ndipo mtoto mmoja wa kike akasimama mbele yangu. Alikuwa Kabula, mjukuu wa marehemu, wa umri wangu wa wakati ule.

"Hicho changu," akasema. "Babu kanipa mimi."

"Kikomboe," nikamjibu, na nikaisikia sauti ya Mzee Mihayo ikinitoka kinywani.

Nilimngojea anitukane. Kusema kweli nilitamani anitukane, nilikuwa na kicheko changu tayari, cha kuurudishia ukoo wao. Hakutukana, wala hakulia. Aliingia ndani, akarudi amekunja pindo la gauni lake, akanimiminia kiganjani konzi ya michembe. "Shikamoo," akasema. "Nimekuja kukomboa."

Watu wote walikuwa wakitutazama. Niliitafuta sheria ya kumkatalia, nikaipekua yote kichwani kama Mzee Mihayo alivyolipekua lile sanduku, na haikuwapo. Tanga lilikuwa bado halijaanuliwa. Kitu kilikuwa kimetolewa, tena kwa mkono wa mfiwa. Nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakipulizia vumbi, akaondoka nacho bila kuniangalia tena.

Mabehewa yangu bado yamesimama juu ya kabati, yanangoja kichwa ambacho hakiji. Mimi mwaka mzima nilikataa kutoa yai, na katoto kale kalimaliza kesi kabla chai haijapoa, na hata hivyo sijaona nilipokosea. Michembe niliila njiani nikirudi Kibamba, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikaisha. Ilikuwa mitamu, na hilo nalo sijamsamehe Mzee Mihayo.