Mlango Uliotazama kwa Mkwe

Kornelio Magige alisifiwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni mdomo. Ng'ombe hakuwa nao wengi, na jembe lilimchosha mapema. Lakini ujana wake aliumalizia Musoma kwenye kinu cha pamba, akarudi kwetu upande wa Kenyamonta na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha katekista. Basi kila akija mgeni wa serikali, anaitwa Kornelio. Naye alijua kujivuna! Atasimama kando ya mgeni, mikono nyuma, kifua mbele, akohoe kidogo kabla ya kutafsiri, utadhani maneno ni yake na mgeni ameyaazima tu. Tulimwita Mdomo wa Kijiji, na jina hilo alilipenda.

Mke wake, Agustina, alitoka ng'ambo ya mto. Huko mama yake, Bernadetha, mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, aliishi na mbuzi wake. Tangu aoe, Kornelio hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni, na hivyo ndivyo ilivyompasa. Kwetu mkwe ni mtu wa soni. Ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite. Huli mbele yake, huzungumzi naye, nyumbani kwake huingii, hata jina lake hulitaji. Kwa miaka yote ile mto uliwasaidia hao wawili kuheshimiana.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Siku ya mkutano alifika Bwana Mhina, kijana wa mipango, mzaliwa wa Tanga, amebeba kamba na mzigo wa vigingi. Alikuwa mtu wa tabasamu. Akaeleza kwamba nyumba zitakuwa za pembe nne, kwa mistari miwili inayotazamana, barabara katikati, na kila mlango lazima uelekee barabarani. Mwisho wa mstari litasimama bomba la maji. Kornelio akatafsiri kwa madoido, hata sisi tuliolima mbali na mto tukahisi ndoo zimeanza kujaa.

Watu hawakuwa mabubu. Mzee Wangwe alisimama akauliza ng'ombe watalala wapi, maana mji wa mtu wa kwetu hujengwa kuzunguka zizi, na mwenye mji husikia ng'ombe wake akikohoa. Mwingine akauliza nani atachimba choo kwenye ule mwamba. Mwingine akataka kujua mashamba yaliyobaki nyuma yatalindwa na nani dhidi ya nyani. Kornelio akayafikisha yote bila kupunguza, na Mhina akayajibu, mengine vizuri, mengine hivi hivi.

Baada ya hapo Mhina akaanza kutembea kwenye vigingi akionyesha kila mtu mahali pake. Akamsimamisha Kornelio kwenye kigingi kimoja. Kisha akavuka barabara ile ya kamba, akagonga kigingi cha upande wa pili, akasema kwa furaha, "Na hapa atakaa yule mama mjane. Nimemweka atazamane na binti yake, amtunze."

Kornelio hakukohoa. Alitafsiri kwa sauti ndogo, na wanawake wakaguna wote kwa pamoja. Bernadetha mwenyewe alikuwa amekaa nyuma kabisa ya mkutano, ametupa mgongo, kanga kichwani, kwa sababu mkwe wake ndiye aliyesimama mbele. Shoga yake Mokami ndiye aliyeinuka.

"Mwambieni mgeni," alisema kwa lugha yetu, "tunamshukuru kwa wema wake. Lakini mlango wa mama hautazamani na mlango wa mkwe wake. Huyu atatokaje asubuhi? Huyu atapikaje? Amwondoe, amweke popote, hata mwisho wa mstari. Sisi tuna soni."

Watu wote wakamgeukia Kornelio. Kulitamka jambo la mama mkwe wake hadharani, mbele ya mgeni, kwa kinywa chake mwenyewe, hilo lenyewe lilikuwa utovu wa soni. Na kulikuwa na jingine, dogo na bovu zaidi. Aliona haya kwamba Mhina atacheka. Atasema hawa wa porini wanaogopa milango. Na yeye Kornelio, mtu wa Musoma, atahesabiwa humo humo. Soni ni neno ambalo hata Kiswahili kinalo. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake tayari, halihitaji kutafsiriwa.

"Mama anasemaje?" Mhina akauliza.

"Anauliza bomba litafika lini," Kornelio akasema.

"Ah! Mwambie asiwe na wasiwasi. Mwezi wa sita."

Kornelio akatugeukia. "Amesikia," akasema kwa lugha yetu. "Anasema litaangaliwa."

Mokami akakaa, ameridhika. Tulikwenda nyumbani tukimsifu yule kijana.

Halikuangaliwa. Mgambo walikuja kabla ya mvua, paa za zamani zikashushwa, nyumba za pembe nne zikasimama pale pale palipogongwa vigingi. Mlango wa Bernadetha ukatazama mlango wa Kornelio, mdomo kwa mdomo. Watu wakasema tumedanganywa, Mhina ni tapeli mwenye meno meupe. Kornelio alisikia na hakumtetea.

Basi Kornelio, mtu mzima mwenye watoto, akaanza maisha ya mwizi wa kuku. Alitoboa tundu ukuta wa nyuma, akaliziba kwa ngozi, na humo ndimo alimotoka na kuingia, magoti chini, matako juu. Watoto walimcheka mpaka wakazoea. Lakini nyuma yake kulikuwa na shamba, na mgambo hawapiti shambani. Nyuma ya Bernadetha kulikuwa na ghala la kijiji, ukuta kwa ukuta, na ubavuni ndipo mgambo walipokuwa wakikaa kupiga soga. Agustina alikwenda kwa mwenyekiti kumwombea mama yake mlango wa ubavuni. Mwenyekiti akasema amri ni amri, mlango ni barabarani, kama kuna shida mkalimani aende wilayani kuieleza.

Mkalimani akasema ataenda. Mara mguu unamuuma, mara ni msimu wa kupanda ulezi. Angeendaje? Akieleza shida, Mhina atauliza kwa nini haikusemwa mapema.

Bernadetha akatundika mkeka wa matete mlangoni, akawa anapika ndani, kwenye giza. Kinamama wengine waliweka mafiga nje, upepo ukabeba moshi. Wake ulizunguka humo humo na kumrudia. Macho yake yalikuwa yakiwasha tangu zamani, na sasa yakawa yanatiririka mchana kutwa. Agustina alimpelekea maji aliyoyachota mtoni, kwa sababu bomba nalo halikuja mwezi wa sita, wala mwezi wa sita mwingine. Akirudi hutua ndoo na kulaani.

"Watu wa serikali hawana soni, Baba Robi," alimwambia mumewe. "Mokami alisema wazi, na wewe ukamfikishia. Yule kijana hana mama?"

"Hana soni," Kornelio akaitikia, akaendelea kula.

Mwaka wa pili Mhina akarudi kukagua. Alikuja na tabasamu lile lile, na tulimpokea kwa nyuso za kununa mpaka akashangaa. Akapita kwenye mistari, Kornelio nyuma yake. Walipokaribia nyumba ya Bernadetha, Kornelio akasimama mbali, akatazama upande wa kwake, mgongo kwa mkeka. Mkalimani gani anayemtafsiria mtu kwa kisogo?

Moshi ulikuwa ukitoka kwenye majani ya paa. "Huyu mama anapika amejifungia?" Mhina akauliza. "Ndugu Kornelio, muulize kwa nini hafungui mlango."

Agustina alikuwa anafika na ndoo kichwani. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mkeka, ya taratibu, kwa Kiswahili.

"Mimi najificha, mwanangu. Mkwe wangu iko hapo mbele."

Hakuna aliyejua kwamba anacho. Bernadetha alikuwa amefua nguo za masista misheni miaka mingi kabla ya kuolewa, na Kiswahili cha kufulia kilikuwa hakijamtoka. Kornelio angejuaje? Hawakuwahi kuzungumza hata neno. Sasa akaukumbuka ule mkutano, na yule mama aliyekaa nyuma na kanga kichwani, akisikia kila alichoambiwa mgeni.

"Shikamoo, mama," Mhina akasema, akarudi hatua moja, akainamisha kichwa. "Lo! Hata kwetu mkwe ana heshima yake. Mbona hamkuniambia? Ningehamisha kigingi tu. Mficha uchi hazai, mama."

"Marahaba. Tulisema, mwanangu."

"Mlisema? Lini?"

Kornelio alingoja, kisogo kikimwaka. Neno moja tu la yule mama lingemmaliza, na alistahili kumalizwa. Agustina alikuwa ametua ndoo.

"Siku ile ya kamba," Bernadetha akasema. "Labda hukusikia. Kulikuwa na upepo."

Hakukuwa na upepo siku ile. Agustina alikuwepo, na alijua; maisha ya kijijini yalikuwa yamemfunza Kiswahili cha kutosha kuelewa hayo. Alimtazama mumewe, naye akatazama chini, na hapo mkewe akaelewa kwamba maneno ya Mokami hayakumfikia mgeni kamwe. Alijua pia kwamba mama yake amekaa na jambo hilo kwenye moshi tangu siku ya kwanza, hakumwambia hata yeye, mtoto wake, ili asimdharau mumewe.

Mhina akaamuru mlango wa barabarani uzibwe na wa ubavuni ukatwe siku hiyo hiyo. Vijana wakaja na majembe. Kornelio hakuweza hata kusaidia, maana mtu hagusi nyumba ya mama mkwe wake. Alikaa kwenye shamba lake la nyuma, karibu na lile tundu, akisikiliza udongo ukianguka, akatamani mtu amtukane. Hakuna aliyemtukana. Kina Mokami walipita wakamsalimia kama kawaida, na ile salamu ilimuuma kuliko kofi.

Bernadetha akaanza kuketi nje ubavuni, mafiga yake mbele, jua usoni. Lakini sufuria aliitafuta kwa kupapasa. Mganga wa zahanati akamwinulia kope, akaziachia, akamwambia Agustina kwamba macho hayo moshi umeyamaliza.

Kesho yake asubuhi Kornelio alipiga magoti kutoka kama alivyozoea. Agustina alikuwa anafagia. Hakupandisha sauti.

"Mlango upo, Baba Robi," akasema. "Pita mbele tu. Mama hakuoni tena."

Kornelio alibaki pale pale magotini, mkono wake umeshika ngozi ya lile tundu, na mkewe akaendelea kufagia.