Jinsi neno "bonne" lilivyoninyang'anya usukani wa gari la commune hapa Kisangani

Wakuu, salamu kutoka Kisangani. Kaeni vizuri, ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Atakayesema nimetunga, aje nimwonyeshe mtaro.

Mimi ni dereva wa pickup ya commune, yaani manispaa yetu. Nina permis, yaani leseni, ya kweli, niliyoifanyia mtihani, si ile ya kuletewa nyumbani kama mkate.

Juzi kati likaja agizo kutoka juu: kila dereva wa gari la serikali alete permis, afuate mafunzo, na alete "attestation de conduite", yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba anajua kuendesha.

Nikafurahi sana. Nikasema leo wale wanaopewa funguo kwa sababu ya ujomba watalia.

Kumbe furaha yangu ilikuwa haijapita kwa Madame Secrétaire.

Huyu mama ndiye anayeandika matangazo yote ya commune, na anapenda Kifaransa kipendeze. Alipofika kwenye neno "conduite" akaona limekaa uchi. Akaliongezea "bonne" mbele.

Sasa wakuu, kwa wasiojua Kifaransa: conduite ni uendeshaji. Lakini ukisema bonne conduite, gari limeshatoka kwenye habari. Hapo ni tabia njema. Na karatasi ya tabia njema kwetu anaitoa chef de quartier, mkuu wa mtaa.

Nikaenda kumwambia. Akanijibu kwa upole kabisa:

"Conduite yenyewe tu ilikuwa kavu, papa. Niliongeza bonne ju ya politesse. Na bourgmestre amesha saini."

Politesse ni adabu, na bourgmestre ndiye mkubwa wa commune. Akishasaini, hata kosa linakuwa sheria.

Chef wa quartier yangu ni Papa Botamba. Na mimi na Papa Botamba hatuivi. Ana mbuzi wake kule Bengamisa, na kila nikitumwa huko alitaka niwapakie kwenye pickup ya commune. Nilikuwa nakataa. Sheria inakataza, na mimi nilikuwa mtu wa sheria.

Nikamfuata hivyo hivyo.

"Weye iko na conduite mubaya," akaniambia. "Ulikatala mbuzi yangu."

"Papa, conduite yenye wanatafuta ni ya gari, haiko ya mbuzi."

"Bon. Gari mi sijue. Mi najua mutu."

Sikupata saini. Nikanyang'anywa funguo.

Akapewa Bonaventure, kijana wa kwaya ya parokia. Tabia yake, wakuu, hata mimi ningemsainia. Hanywi, hatukani, anasalimia mpaka mbwa. Tatizo ni moja tu: chombo pekee alichowahi kuendesha ni toleka, ile baiskeli yetu ya kubeba abiria; permis yake ni ile ya mkate.

Mtasema labda mafunzo yangemkamata. Yalifanyika ukumbini, kwenye viti vya plastiki. Mimi pia nilihudhuria, nikitumaini; tulifundishwa kumfungulia mkubwa mlango na kupiga pasi shati. Gari halikuonekana. Mwalimu mwenyewe aliletwa na toleka. Bona akawa wa kwanza.

Nilikaa nyumbani. Mke wangu akawa anauza pondu, yaani kisamvu, peke yake, na mimi namsaidia kufukuza inzi. Iliniuma, sitaki kudanganya. Mtoto akiniuliza "papa, gari iko wapi?" najifanya nasikiliza redio.

Siku moja simu ikalia. Bona.

"Tonton, kuja mbio. Gari imelala mu mutaro."

Nikapanda pikipiki mpaka barabara ya Bengamisa. Pickup ilikuwa imelala ubavu, magurudumu ya upande mmoja juu. Bona amekaa kando, anasali. Mbuzi wametawanyika kwenye mihogo ya watu. Na katikati yao, kiatu mguu mmoja, Papa Botamba.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini nilicheka, nikakaa chini nikacheka tena.

Papa Botamba hakucheka. Akatoa kalamu na muhuri mfukoni. Huyu mzee anatembea na muhuri kama wengine wanavyotembea na leso.

"Toa gari, fikisha mbuzi yangu kwangu, na mi nasaini sasa hivi. Donc, unasema nini?"

Nikaitazama pickup. Nikamkumbuka mke wangu na ile pondu.

Vijana wa kijiji wakasaidia, tukaliinua gari. Nikalijaribu, likawaka. Kisha nikaenda mihogoni, nikakamata mbuzi mmoja mmoja, nikawapakia kwa mikono yangu.

Papa Botamba akaandika akiwa ameegemea boneti: huyu mtu ana tabia njema kabisa.

Wakuu, miaka yote nilipofuata sheria nilikuwa na conduite mbaya. Siku niliyoivunja ndiyo siku niliyopata cheti.

Nilichojifunza: serikalini, soma tangazo mpaka mwisho, halafu ujue nani ameliongezea adabu.

Funguo nimerudishiwa. Bona ninamfundisha clutch asubuhi, maskini anajitahidi. Attestation iko kwenye kioo cha mbele, ina muhuri na bado inanuka mbuzi.

Sasa niambieni, na msinionee huruma: ungekuwa mimi, ungewaacha mbuzi mihogoni?