Salamu za Muuza Mashine

Mimi na salamu ndefu hatupatani. Nimelelewa dukani, kwetu mtu akiingia anasema anachotaka, anapimiwa, anakwenda zake. Halafu Mungu akanipa jirani Milembe.

Milembe ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza la duka langu la vitambaa hapa Bariadi. Kwao ni Lingeka, huko Meatu. Mteja akija na suruali ya kupunguza, kwanza ataulizwa ukoo wake, mvua imenyesha huko kwao, ng'ombe wameamkaje, watoto hawajambo, yule wa kwanza yuko wapi siku hizi. Na yeye akiulizwa hujibu yote bila kubakiza, maana kwao kumkatiza anayekusalimia ni kukosa adabu kabisa. Suruali itakumbukwa baadaye. Ndani nachemka. Nikilalamika ananiambia, "Bimdogo, duka ni lako, ila wateja ni wangu." Ni kweli, na wananunua vitambaa vyangu, kwa hiyo nafunga mdomo.

Alikuwa anatamani kitu kimoja tu: mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Bila hiyo ilimbidi apeleke nguo zake kwa fundi wa mtaa wa pili, jamaa mwenye maringo anayeweka kazi za wenzake mwisho. Basi Milembe akawa anaweka kidogo kidogo kwenye akaunti ya simu. Hela yote ya mashine ilikuwa humo, na hakuwa na nyingine.

Akaona tangazo mtandaoni, mashine nzuri, bei ya kutupa. Akawaandikia. Asubuhi moja wakampigia, akaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa kwenye cherehani.

"Mwangaluka, mayu," ikasema sauti ya kijana.

Milembe akayeyuka. Muuza vitu wa mtandaoni anamsalimia Kisukuma na kumwita mama! Na kijana hakuwa na haraka. Akauliza ukoo, akauliza mvua ya Meatu, akauliza kifungua mimba wake ni nani na kazaliwa mwaka gani. Milembe akamjibu kwamba ni Masunga, na mwaka akautaja.

Nikaacha mkasi. Mwaka huo ndio ulikuwa namba yake ya siri. Nilikuwa naijua kwa sababu aliwahi kunitajia mbele ya wateja, nikamgombeza, akacheka.

"Sasa mayu, kuna namba imeingia kwenye ujumbe wako. Nisomee nikuandikishie mzigo."

Nikatoka mbio, nikamnong'oneza kwamba kijana huyu tayari anao ule mwaka, akipata na namba hiyo anaingia kwenye akaunti huko huko aliko na kukomba kila kitu. Milembe akaniashiria nitulie. Nilitamani kumpokonya simu. Yeye akausoma ujumbe taratibu, midomo ikicheza.

"Mwanangu, hapa wameandika nisimpe mtu yeyote namba hii."

"Kwani mimi ni mtu, mayu? Mimi si mwanao?"

Hapo niliogopa kweli, maana Milembe hajui kumkatalia mtu anayemwita mama.

"Mwanangu wa kumzaa," akasema kwa upole ule ule, "angejua kaka yake kazaliwa lini."

Akamuaga vizuri, akamtakia kazi njema, ndipo akakata. Tukaibadilisha namba ya siri pale pale, tukawapigia watu wa mtandao wake wa simu kuwaeleza. Hela ilikuwepo yote, nikashukuru Mungu kwa sauti.

Mashine ilikuja kutoka duka jingine, la Mwanza, lililokubali mzigo uletwe kwa basi, tuufungue stendi na kuukagua, ndipo tulipe. Sasa ni yule fundi mwenye maringo anayepita hapa akiangalia pembeni.

Juzi Milembe alibanwa na sare za kwaya. Nikamwambia anipe simu nikamlipie nyuzi, anitajie tu namba mpya. Akanitazama, yeye ambaye mji mzima unaujua ukoo wake mpaka wa bibi yake.

"Bimdogo, ndugu yangu," akasema, "niulize lingine lolote."

Nilinuna mpaka adhuhuri. Kisha nikampelekea chai.