Nilimpindua mdogo wangu kichwa chini, mkwe wake akaitwa mchawi

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na tisa, mjane, mwalimu mstaafu, naishi wilaya ya Korogwe. Figo zangu zimechoka. Daktari amewaambia wanangu wanirudishe nyumbani wanilishe ninachotaka, na mimi si mtoto, najua maana yake. Naandika mwenyewe, herufi moja moja. Majina nimebadilisha. Wanaopita hapa kutafuta kichekesho waendelee na safari.

Mgongo ulinisumbua miaka mingi, pale chini kiunoni, mpaka nikawa naswali nimekaa kwenye kiti. Mwanangu wa Dar akaniletea kitanda cha chuma cha kujipindua. Unafunga vifundo vya miguu, unajiegemeza nyuma, kinageuka taratibu mpaka miguu inakuwa juu na kichwa chini. Eti uzito wa mwili unavuta pingili za mgongo zipumue. Nilikuwa navaa suruali ya mjukuu wangu, nafunga mlango, najipindua. Majirani wakakiita kitanda cha popo. "Shikamoo Mwalimu, popo ameamkaje leo?" Tulicheka. Na kilinisaidia, sitadanganya kwa hilo. Nikitoka hapo natembea saa mbili tatu bila kushika ukuta.

Kilikuja na kijitabu cha Kiingereza. Huku kwetu mtu akipata karatasi yoyote, iwe barua ya mahakama au maelezo ya dawa, ananiletea mimi. Nikishasema karatasi inasema hivi, hakuna wa kuuliza tena. Kijitabu kile kilisema wazi: mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa macho asikitumie mpaka amwone daktari. Mimi nina presha. Binti yangu anayenitunza angejua, angekitoa kitanda ndani siku ileile. Nikamwambia, "Wanaeleza namna ya kukaza skrubu tu." Kijitabu nikakitia chini ya godoro.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu, nimwite Zaina, alikuja kunitembelea kutoka Handeni. Jembe lilikuwa limemmaliza mgongo. Alikuja na mkwe wake Hadija, mke wa mwanawe Rama, binti wa kijiji cha Dindira mwenye mtoto anayenyonya. Zaina naye alikuwa na presha, na vidonge alikuwa anameza siku anapojisikia.

"Dada, na mimi nipindue."

"Wewe na mwili huo? Chuma kitalia."

"Kilie tu." Kisha akaacha kucheka. "Lakini karatasi yake inasemaje, Dada? Sisi wa presha je?"

Aliniuliza. Waziwazi, uso kwa uso. Binti yangu alikuwa mlangoni anachambua mchele, anasikia kila neno. Nikasema, "Haijasema kitu."

Siku tatu alipinduka akifurahi kama mtoto. Siku ya nne, baada ya alasiri, nilipotaka kumrudisha akasema, "Niache kidogo, Dada, nasikia raha." Nikamwacha. Alipoinuka alisema kichwa kinagonga, kisha mdomo ukaenda upande na mkono wa kulia ukaanguka kama si wake. Hospitalini daktari aliuliza, "Alikuwa anafanya nini?" Nikajibu, "Alikuwa amelala tu."

Zaina amepooza mpaka leo, wala hasemi. Binti yangu hakukishuku kitanda, maana karatasi haijasema kitu. Mwalimu kasoma!

Rama akaenda kwa mganga. Mganga akamuuliza mama yake alikula mkononi mwa nani mara ya mwisho. Ilikuwa uji wa Hadija. Wakamwekea kikao, wazee wazima wenye kanzu, na mimi nimekaa kwenye kiti cha heshima. Rama akasema, "Mama kanywa uji wako, kaanguka. Unataka nini kwetu?" Yule binti alinigeukia mimi. "Mwalimu, wewe umesoma. Waambie ugonjwa huu hauletwi na uji."

Nikasema, "Hayo tuwaachie wazee."

Hayo tuwaachie wazee! Miaka thelathini na minne nimesimama mbele ya ubao, nikawachapa watoto wa watu kwa uongo wa daftari la kazi ya nyumbani! Hadija alipewa talaka palepale, akarudi Dindira na mtoto mgongoni, na nasikia hata huko wapo wasiokunywa maji kwake.

Nina hasira na Rama, aliyemwacha mkewe kwa neno la mtu anayepiga ramli, na mwaka haujaisha akaoa mwingine. Nina hasira na wazee waliokula pilau ya harusi ile bila haya. Lakini hao walidanganywa, au walijidanganya. Mimi nilijua. Hasira kubwa ninayolala nayo ni juu yangu mwenyewe, na nisiambiwe kwamba uzee unasamehe.

Nimemwambia mwanangu mkubwa. Akasema, "Mama, unataka kutuachia vita? Rama ana mke mwenye mimba sasa. Funga mdomo, upumzike kwa amani." Amani gani? Kila nikipelekwa kumwona Zaina, machozi yanamtoka, na watu wanasema, "Tazama anavyompenda dada yake." Ananitazama mimi, jamani. Anakumbuka alichoniuliza.

Msiniambie niombe dua. Naomba. Wala msiniambie niache barua isomwe nikishazikwa, maana watasema bibi alichanganyikiwa na ugonjwa, wataichana. Nataka kusema nikiwa na akili zangu, lakini nguvu niliyonayo inatosha safari moja tu. Niende Dindira nikapige magoti kwa Hadija, mbele ya watu wake? Au niitishe kikao kwa Rama, mbele ya wazee walewale, na yule mke mwenye mimba asikie kwamba nyumba yake imejengwa juu ya uongo wangu? Nyinyi ambao si ndugu zangu, nishaurini. Nianzie wapi? Jibuni upesi.